Kabla Hujamtangaza Askari wa Mwisho wa Vita vya Marekani

Kabla hujaandika kwamba fulani ndiye askari wa mwisho kubaki hai kati ya waliopigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), bainisha kama ni wa mwisho kwa pande zote mbili, Kaskazini (jeshi la serikali kuu) na Kusini (majimbo yaliyojitenga), au kwa upande mmoja tu. Jina liandike kama lilivyo kwenye nyaraka. Picha ya mzee aliyejaa medali kifuani iweke kando, haithibitishi kitu.

Kisha fungua sensa, na hapo usiwe na haraka, maana hapa ndipo wengi walipoumbuka. Walter Williams wa Houston, Texas, alisifiwa nchi nzima kuwa na umri wa miaka 117 na kwamba ujanani aliwatafutia chakula askari wa Jenerali Hood, upande wa Kusini. Septemba 1959 mwandishi wa habari Lowell Bridwell alieleza kwamba sensa ya 1860, kule Mississippi, ilimwandika kuwa mtoto wa miaka 5, yaani vita vilikwisha akiwa na miaka kumi hivi. Habari hiyo ilikwisha kusomwa na watu, lakini mzee alipofariki Desemba mwaka huohuo, Rais Eisenhower alitoa tangazo la maombolezo, na hadi leo wapo wanaonakili sifa zile bila kuuliza.

Utaambiwa alikuwa na pensheni. Ni kweli, aliiomba mwaka 1932, uchumi ukiwa umeanguka na wazee wengi hawana kitu. Pensheni za askari wa Kusini zililipwa na majimbo, si serikali kuu, na kwa kuwa kumbukumbu nyingi za jeshi hilo zilipotea, maofisa mara nyingi walitegemea viapo vya mashahidi. Hati ya pensheni inathibitisha kwamba mtu alilipwa. Kwamba alipigana ni suala jingine.

Utumishi na umri vikague kila kimoja peke yake. Albert Woolson, mpiga ngoma wa jeshi la Kaskazini aliyefariki Duluth, Minnesota, tarehe 2 Agosti 1956, alikuwa askari kweli, ila miaka 109 aliyodai inapungua hadi 106 ukifuata sensa.

Jihadhari pia na majina yanayofanana: linganisha wazazi, ndugu na kaunti. Usijenge hoja kwa sababu tu jina halionekani katika sensa ya 1890, kwani sehemu kubwa ya sensa hiyo iliharibika kutokana na moto wa 1921. Maandishi ya kaburini nayo yasikuridhishe, kwa sababu aghalabu aliyeyaagiza alisimuliwa na marehemu mwenyewe.