Unatafuta babu Mjerumani aliyehamia Marekani? Tafuta kwa sikio, achana na spelingi

Mke wangu ni wa Pennsylvania, ukoo wao Yeager, na mimi ndo nimegeuka mchimba makaratasi wa familia. Mwaka mzima wa kwanza niliupoteza nasachi Yeager kwenye meli za miaka ya 1700 na sipati mtu. Sasa ngoja niwaonyeshe navyofanya siku hizi.

Kabla ya yote, ile stori kwamba afisa wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji pale New York, ndo alibadilisha jina la babu, itoe kichwani. Pale pamefunguliwa 1892, na makarani walikuwa wanasoma orodha iliyoandikwa tayari kule meli ilikotoka, Hamburg, Bremen na kwingineko. Jina lilibadilika baadaye, polepole, dukani, shuleni, kazini.

Hatua ya 1. Anza na wazee walio hai urudi nyuma na sensa za Marekani. Ya 1850 ndo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru nyumbani. Ya 1890 usihangaike nayo, karibu yote imeenda na moto wa 1921. Kila spelingi unayokutana nayo iandike, hata ya kijinga.

Hatua ya 2, na hapa ndo penyewe: litamke jina kwa sauti. Karani wa kule Marekani, wa sensa kwa mfano, alikuwa anaongea Kiingereza na aliandika alichosikia, basi. J ya Kijerumani inatamkwa kama Y yetu, kwa hiyo Jäger ikawa Yeager na Joder ikawa Yoder. Küster ikawa Custer, ndo ukoo wa yule Custer, kamanda wa jeshi la Marekani aliyeuawa kwenye vita vya Little Bighorn 1876. Pf iliwashinda, Pfeiffer ikawa Fifer. Huber ikawa Hoover, ukoo wa Herbert Hoover, rais wa Marekani. Halafu watu wa Pfalz, eneo la kusini-magharibi mwa Ujerumani, wenyewe walikuwa wanachanganya B na P, D na T, G na K, kama kwetu wapo wanaochanganya L na R, so jaribu zote.

Programu nyingi zina Soundex, inayokusanya majina yanayofanana kwa sauti na kuyapa kodi moja. Nzuri, ila inang'ang'ania herufi ya kwanza. Huber na Hoover zote ni H160, zinakutana, lakini Jaeger ni J260 na Yeager ni Y260, hazionani mpaka kiama. Mwaka wangu ulipotelea hapo.

Hatua ya 3. Sikio likigoma shika kamusi, maana wengine walitafsiri kabisa: Zimmermann akawa Carpenter, Schwarz akawa Black. Schneider anaweza kuwa Snyder, na ndugu yake wa tumbo moja akawa Taylor!

Hatua ya 4. Tafuta saini. Kuanzia 1727 wanaume wa Kijerumani waliofika Philadelphia, wa miaka 16 kwenda juu, walikula kiapo na kusaini. Aliyejua kuandika aliandika mwenyewe, asiyejua aliweka alama, karani akamjazia. Saini ya mkono wake iamini kuliko maandishi ya karani. Na Johann usimfuate, nusu ya meli ni akina Johann, mara nyingi jina la pili ndo aliloitwa.

Hatua ya 5, madaftari ya ubatizo ya Walutheri na Wareformed, yaani makanisa ya Kiprotestanti ya Wajerumani. Mwanamke unaweza kumkuta na -in mwishoni, Müllerin ni Müller tu. Wa kwetu tulimkuta humo, baba kaandikwa Jäger, na mtoto anayebatizwa siku hiyo jiwe lake la kaburi limechongwa Yeager.