Kufunga lenzi za zamani kwenye mirolesi: usianze na adapta, anza na tochi

Wakuu, kama kwenu kuna kabati la mzee lenye kamera ya filamu imelala humo miaka nenda rudi, naomba usome hii mpaka mwisho, maana hapa Dar kuna lenzi nzuri sana zinakufa kimya kimya kwa unyevu tu, wakati zingeweza kukaa kwenye mirolesi yako (kamera ya kidijitali isiyo na kioo cha kuakisi ndani) leo hii zikapiga picha ambazo ile lenzi iliyokuja na kamera haikupi.

Mi natumia Sony a6000. Lenzi niliyoanza nayo ni Helios 44-2, milimita 58 f/2, ya enzi za Usovieti, ilikuwa kwenye Zenit ya baba mkubwa wangu aliyekuwa na studio ya picha za pasipoti kule Magomeni. Nilipomuomba akaniambia "chukua mwanangu, ila usije ukaiuza". Sijaiuza na siiuzi. Mifano mingi humu ni ya hiyo lenzi.

Hatua ya 1: Tochi kwanza

Watu wengi wanakimbilia kununua adapta (kipande cha kuunganisha lenzi na kamera), ikifika ndo wanagundua lenzi yenyewe imeshaoza. Toa vifuniko vyote viwili, fungua apecha (tundu la mwanga ndani ya lenzi, lile la namba za f: namba ndogo, tundu kubwa) mpaka mwisho, washa tochi ya simu upande wa nyuma, afu chungulia kwa mbele huku unaigeuza geuza taratibu. Tochi iwe pembeni kidogo, usiitazame moja kwa moja.

Unachotafuta ni nyuzi nyembamba nyeupe, zimetawanyika kama vimizizi vya mchicha uliong'olewa sasa hivi, mara nyingi zinaanzia ukingoni mwa kioo zinatambaa kuelekea katikati. Hiyo ndo fangasi, na kwa joto na unyevu wa pwani yetu inashamiri vibaya mno. Ikiwa kidogo pembeni lenzi bado inapiga vizuri, ila ikikaa muda mrefu inakula ule utando wa rangi uliopakwa juu ya kioo, na hapo hata fundi aisafishe alama inabaki. Vumbi la ndani lisikusumbue, lenzi ya miaka 40 lazima iwe na vumbi na kwenye picha hutaliona. Ila ukikuta weupe umetanda kioo kizima kama dirisha lililopuliziwa pumzi, jua picha zako zitakuwa zimefifia, hasa ukielekea kwenye mwanga.

Baada ya kioo cheza na apecha, fungua funga mara kumi hivi. Vibamba vinavyofunga lile tundu vitembee bila kukwama na viwe vikavu. Zungusha na pete ya fokasi, ile ya kufanya picha ikae sawa, ikiwa ngumu kama inazunguka kwenye lami ni grisi imeganda, fundi anaitoa anaweka mpya. Usijaribu kuifungua mwenyewe na bisibisi ya kawaida, nakuomba sana, ikiteleza mara moja tu umechora kioo na hakuna wa kukirudisha.

Kuna kesi moja ya tofauti, Super-Takumar 50mm f/1.4 yenye vioo saba. Ukiikuta ya njano kama chai ya rangi usiitupe, kioo chake kina thoriamu ndo kinageuka hivyo na miaka, jua la dirishani kwa wiki kadhaa linairudisha. Funika upande mmoja kwa foili ili mwanga usipite ukakusanyika upande wa pili, la sivyo utaunguza pazia.

Hatua ya 2: Jua maunti, na kwa nini adapta ni ndefu vile

Hapa ndo penyewe, ukipaelewa hapa hutadanganywa dukani. Kila mfumo wa kamera una umbali wake maalumu kutoka kwenye maunti (pale lenzi inapofungwa kwenye mwili wa kamera) mpaka kwenye sensa au filamu. Kamera za zamani zilikuwa na kioo cha kuakisi kinachonyanyuka ndani, kwaiyo umbali ulikuwa mkubwa: M42, ile ya kuzungusha kama skrubu kama Helios yangu, ni milimita 45.46, Nikon F ni 46.5, Minolta SR ni 43.5, Canon FD ni 42. Mirolesi haina kile kioo, kwaiyo umbali umekuwa mfupi: Sony E ni 18, Canon RF 20, Fuji X 17.7, Nikon Z 16. Adapta kazi yake ni kujaza lile pengo, basi. Ni bomba la chuma lenye hewa ndani. M42 kwenda Sony E ni 45.46 toa 18, unapata 27.46, huo ndo urefu adapta yako inatakiwa iwe nao.

Ndo maana pia lenzi za FD zilisahaulika muda mrefu. Canon walipohamia EF mwaka 1987 maunti mpya ikawa na milimita 44, ndefu kuliko 42 ya FD, kwaiyo huwezi kuweka bomba la kujaza pengo ambalo halipo, mpaka adapta iwe na kioo cha kurekebisha na hicho kioo kinaharibu picha. Mirolesi ndo imezifufua.

Hatua ya 3: Adapta

Chukua ya chuma tupu isiyo na kioo ndani, haina umeme wala haihitaji. Ukiwa na M42 yenye kipini kidogo nyuma, tafuta adapta yenye ukingo wa ndani unaokandamiza kile kipini, la sivyo apecha haifungi hata uzungushe namba vipi. Ila kama lenzi ina swichi ya A/M iweke M, imeisha. Za FD adapta inakuwa na pete yake ya kufungia, usipoigeuza apecha inabaki wazi muda wote, watu wengi wanadhani lenzi ni mbovu kumbe ni hiyo pete. Na lenzi za Nikon aina ya G hazina pete ya apecha kabisa, kwaiyo adapta yake lazima iwe na pete.

Adapta yangu ya kwanza niliinunua kwa bei chee mtandaoni, ikaja inacheza, ukizungusha fokasi lenzi nzima inatikisika, na mbaya zaidi ilikuwa ndefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Nikasimama Ferry naangalia majengo ya Kigamboni ng'ambo, nimezungusha fokasi mpaka kwenye ile alama ya nane iliyolala (ya vitu vya mbali kabisa), hayakai sawa, yamefifia tu. Ukiona hivyo kosa ni la adapta, usiilaumu lenzi. Ikiwa fupi kidogo haina tabu, kitu cha mbali kinakaa sawa kabla hujafika mwisho wa pete.

Hatua ya 4: Mipangilio ya kamera

Kamera haijui kama kuna lenzi, kwaiyo itagoma kupiga. Ingia kwenye menyu tafuta "Release w/o Lens" uiwashe, kampuni nyingine jina linatofautiana kidogo ila maana ni ile ile. Washa pikingi ("Peaking" kwenye menyu), chagua rangi nyekundu, kile kilichokaa sawa kitang'aa kingo zake. Afu weka kitufe kimoja kiwe cha kukuza fokasi. Hili msilipuuze, maana lenzi ya zamani haina umeme wa kuiambia kamera kwamba umeanza kuzungusha, kwaiyo haikuzi yenyewe, lazima ubonyeze.

Mchana piga kwenye A, kamera inachagua shata (kasi ya kupiga picha) yenyewe. Jioni hamia S uweke shata 1/125 ya sekunde na ISO (usikivu wa mwanga) oto, maana a6000 haina kitulizo cha mtikisiko ndani ya mwili na milimita 58 kwenye sensa yake ndogo inaonekana kama 87. Kama yako ina kitulizo, ingiza namba halisi ya lenzi, yaani 58, sio 87.

Hatua ya 5: Kupiga sasa

Helios 44-2 ina pete mbili za apecha, moja ina vituo unachagulia namba, nyingine ni laini unafungua na kufunga. Weka ya kwanza f/4, fungua ya pili mpaka f/2, piga fokasi huku umefungua, afu isukume kwa kidole mpaka igote. Hapo umeshafika f/4 bila kutoa jicho kwenye kidirisha. Siku mbili tatu kidole kinakuwa kimezoea.

Ukiwa f/2 na mtu yuko mita moja, kinachokaa sawa ni kama sentimita mbili na nusu tu. Kope ziko wazi, masikio yameshafutika. Kwaiyo pikingi pekee haitoshi, kuza uone jicho, shusha pumzi, na badala ya kuhangaika na pete mwishoni, sogeza mwili wako mbele nyuma kidogo kidogo. Nilimpiga mama mmoja anakaanga samaki pale soko la samaki Ferry, saa kumi na mbili unusu asubuhi, moshi nyuma yake na jua linapenya humo, picha kama thelathini na zilizokaa sawa ni nne. Ila hizo nne nilizichapisha nikampelekea.

Ule mzunguko wa nyuma ambao Helios inasifiwa nao, yaani nyuma ya mtu panafifia kama panazunguka, unatokea ukiwa f/2, mtu yuko karibu na nyuma yake mita kadhaa kuna majani yanayopitisha mwanga, mwembe au mwarobaini unafaa sana. Kwa a6000 unakatwa kingo kwaiyo unauona kidogo, kwenye fulu fremu (kamera yenye sensa kubwa kama filamu) ndo unauona wote. Na jua likipiga kioo picha inapauka, weka kikinga jua, au hata kiganja.

Hatua ya 6: Kutunza

Begi lililofungwa kabatini ndo kaburi la lenzi hapa Dar, hasa masika kuanzia Machi mpaka Mei. Tafuta dishi la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka silika jeli (vile vipunje vya kunyonya unyevu) na kipimo kidogo cha unyevu, lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi ikaushe kwa moto mdogo. Mchele hapana, unaacha unga. Lenzi yenye fangasi mi naitenga na nyingine, na zote nazitoa mara kwa mara zipate mwanga na hewa.

Na kama unatoka ofisini Posta kwenye AC kali, usitoe kamera hapo hapo nje, kioo kitaingia ukungu mbele na ndani. Mi naacha begi limefungwa kama nusu saa, natembea mdogo mdogo mpaka Ferry, nakunywa kahawa, ndo nalifungua.