Unataka kubadilisha maneno ndani ya PDF? Soma hii kwanza

Niko na saiba ndogo hapa town upande wa River Road, na haipiti siku mbili kabla mtu hajaingia na PDF kwa WhatsApp akaniambia "boss, nibadilishie tu hapa kidogo". Hiyo kidogo ndio hunimalizia asubuhi yote.

Juzi alikuja fundi wa mageti na kotesheni yake, bei ilikuwa 18,500 anataka iwe 24,700. Nikafuta nikaandika, zile zingine zikakaa sawa lakini 7 ikatoka nyembamba, imeinuka juu kidogo ya wenzake, mtu yeyote akiangalia anajua hapa pameguswa. Shida ni kwamba programu ikitengeneza PDF mara nyingi haibebi fonti nzima, inabeba zile herufi zilizotumika peke yake ndio faili isiwe nzito, na kwa hiyo kotesheni hakukuwa na 7 popote, hata namba yake ya simu ni zile za kuanza na 01, si 07. Kuangalia hii mapema ni rahisi: fungua kwa Acrobat Reader, bonyeza Ctrl+D, enda kwa Fonts, ukiona Embedded Subset kando ya jina la fonti ujue hiyo ndio hali. Dawa ni uweke hiyo fonti yenyewe kwa kompyuta yako kabla hujaanza, ama ubadilishe mstari wote ndio angalau ufanane.

Ya pili, PDF haijui aya ni nini. Yenyewe imeambiwa tu weka herufi hii hapa, ile pale, basi. Ukiongeza maneno matatu katikati ya mstari usitarajie mengine yasonge chini vile Word hufanya, kuna programu hujaribu lakini nyingi zitayamwaga nje ya ukingo ama zitayalaza juu ya mengine. LibreOffice Draw ni ya bure na inafungua PDF, ila kila mstari unakuja kama kisanduku chake, kwa hivyo tafuta neno la urefu uleule ama ukate kitu kingine.

Kama huwezi kuchagua hata neno moja na mausi, hiyo ni picha ya skana. Itabidi uipitishe OCR kwanza (programu ya kusoma maandishi yaliyo kwa picha), halafu ukague namba moja moja kwa sababu hiyo kitu huchanganya 0 na O, 1 na l, na kwa namba ya kitambulisho hapo umeumia.

Sasa hii ndio hunikasirisha: watu wanafunika maneno na kisanduku cheupe wakidhani wamefuta. Hujafuta! Maneno bado yako chini, mtu akiburuta mausi hapo akopi, akapesti kwa Notepad, bei yako ya zamani hiyo hapo. Futa maneno yenyewe kisha ujaribu kukopi kama yeye.

PDF yenye sahihi ya kidijitali usiiguse, ukibadilisha hata nukta moja sahihi itaonyesha faili imechezewa. (Na ukiniletea cheti cha KCSE nikuongezee gredi, mlango ni huo.)

Kwa kweli mimi siku hizi swali la kwanza ni "ya Word iko wapi?" Mara nyingi iko kwa emeili ya yule aliyeichapa, mpigie tu. Ikikosa, Word ya 2013 kuja juu inafungua PDF na kuigeuza, maandishi ya kawaida hutoka poa lakini majedwali na safu mbili za CV huvurugika, kwa hivyo kotesheni ya ukurasa mmoja mimi huichapa upya, dakika 15 imeisha. Yule fundi ndivyo nilimfanyia mwishowe.

Ukimaliza ihifadhi kwa jina lingine, ile ya kwanza iache, halafu jitumie uifungue kwa simu kabla hujamtumia kastoma.