Tathmini ya jarida la wanafunzi: onyesha ujuzi kwa kurasa zenyewe

Unapoandika tathmini ya jarida ulilotengeneza, sentensi kama "nimejifunza kutumia programu ya usanifu" haimwambii msomaji chochote. Weka rasimu ya kwanza kando ya ukurasa wa mwisho, kisha taja kilichobadilika na sababu yake. Kwa mfano: "Picha ya jalada ilikuwa na upana wa pikseli 600. Jalada la A4 lichapwalo kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji takriban pikseli 2,480, kwa hiyo ingetoka na ukungu, nikapiga nyingine." Hapo ujuzi unaonekana, tena bila kujisifu.

Fanya vivyo hivyo kwa fonti, upana wa safu, na hasa ule ukingo wa ziada wa milimita 3 unaokatwa baada ya kuchapa. Usipouweka, kisu kikiteleza kidogo tu, mstari mweupe hujitokeza pembeni mwa picha. Jarida linalofungwa kwa pini katikati nalo lazima idadi ya kurasa igawanyike kwa 4.

Yote haya yanategemea rasimu zilizohifadhiwa. Kila toleo lipe faili lake lenye tarehe tangu mwanzo. Ukihifadhi juu ya faili lile lile, ushahidi umefutika.