Somo: Picha ya kompyuta ni mbaya kwenye TV? Shika rimoti kabla hujanunua waya

Ligi ikikaribia kuanza, kazi inayoletwa sana hapa Kondele, Kisumu, ni ileile: laptopu nzima, TV nzima, zikiunganishwa picha inakuwa ya ajabu. Herufi zina ukungu, kingo zimekatwa, weusi umekuwa kijivu. Na mwenyewe mara nyingi ameshapita mjini akanunua waya wa pili. Mimi nasema waya wa HDMI ushukiwe mwisho. Ugonjwa huwa kwenye mipangilio, hasa ya TV, na hiyo hailipiwi.

1. Jua mgonjwa ni nani. Picha ya kompyuta ikiwa bado kwenye skrini, bonyeza Menu ya TV kwa rimoti. Angalia maandishi ya menyu hiyo. Yakiwa safi ilhali ya kompyuta nyuma yake yana ukungu, kioo hakina shida, endelea na somo. Menyu nayo ikiwa na mistari au madoa, acha hapa, TV iende kwa fundi.

2. Angalia tundu. HDMI hupeleka picha ya kidijitali pamoja na sauti. VGA, ile ya pini 15, ni ya tangu 1987, picha yake ni ya analogi na haina sauti, lakini usiidharau, nitairudia. Ule waya wa AV wa njano, nyekundu na nyeupe ni wa dikoda. Kompyuta ikipitishiwa hapo kwa adapta, filamu utaona, ila barua ya kazi hutaisoma.

Chomeka na uchomoe vyote vikiwa vimezimwa. Huku kwetu radi ni nyingi na stima hurudi kwa kishindo. Tundu la HDMI likiungua, bei ya kulibadilisha si ya mchezo.

3. Bonyeza kitufe cha Windows na P kwa pamoja. Ukiiacha kwenye "Duplicate", Windows hutafuta kipimo cha picha (idadi ya nukta kwa upana na kimo) ambacho skrini zote mbili zinakiweza, kwa hivyo laptopu ya ex-UK yenye kioo cha 1366 kwa 768 inaiburuta chini TV yako ya Full HD. Chagua "Second screen only".

4. Weka kipimo cha kioo chenyewe. Bofya kulia mahali patupu, ingia "Display settings", halafu "Display resolution". TV ya Full HD ni 1920 kwa 1080. Ya 4K ni 3840 kwa 2160.

Mtego uko kwa zile za inchi 32 zilizoandikwa HD Ready. Nyingi kioo chake ni 1366 kwa 768, ila zinakubali kupokea 1080 na kukuonyesha "1080p" pale juu kwa majivuno. Kompyuta inatuma nukta milioni mbili na ushee, kioo kina nafasi ya milioni moja tu. Ni kumimina madebe mawili ya mahindi kwenye debe moja. Kwenye mpira hutajua. Kwenye Excel utajua. Jaribu 1366 kwa 768 au 1360 kwa 768. Kama kwa HDMI TV inakataa, hapo ndipo VGA inapopata heshima yake: TV nyingi za aina hii hupokea 1360 kwa 768 kwa VGA bila kuivuta, na herufi zinatoka safi kuliko kwa HDMI. Ukishaunganisha, tafuta "Auto Adjust" kwenye menyu ya TV ili picha ijipange.

5. Rudisha kingo. Kama ule mstari wa chini wenye saa umefichika, au alama ya X ya kufunga dirisha imekatwa nusu, TV inaikuza picha. Ni tabia iliyobaki tangu enzi za TV za mgongo, wakati kingo za matangazo hazikuwa safi na ikabidi zifichwe. Kompyuta haina kingo chafu. Tena TV ikikuza, kila herufi inavutwa kidogo, na hapo ndipo ukungu unapotokea. Kwa hivyo ukirekebisha hili, mara nyingi umetibu magonjwa mawili kwa dawa moja.

Kitufe cha kuzima ukuzaji huo kila kampuni imekipa jina lake, na kimezikwa kwenye menyu ya TV, chini ya ukubwa wa picha. Kwa LG ni "Just Scan". Kwa Samsung ni "Screen Fit" au "Fit to Screen". Kwa Sony ni "Full Pixel". Kwingine utakuta "1:1", "Dot by Dot" au "Overscan" ya kuzimwa. Usikimbilie kuipunguza picha kwa programu ya kadi ya picha ndani ya kompyuta. Kompyuta itapunguza, TV itakuza, na picha itakuwa imevurugwa mara mbili.

6. Zima mapambo. TV hupangwa ivutie wateja dukani, si isomeke sebuleni. Kwenye mipangilio ya picha, ondoa "Vivid" au "Dynamic". Kwa Samsung na LG, ingia kwenye orodha ya matundu ulibadilishe jina tundu unalotumia liitwe "PC". Jina hilo hubadilisha namna TV inavyoshughulikia picha, na maandishi mekundu yaliyokuwa yakivujia pembeni hutulia. Halafu ushughulikie "Sharpness", yaani ukali wa picha. Fungua ukurasa mweupe, andika herufi nyeusi kubwa, sogea karibu kabisa na kioo. Ukiona kiuzi cheupe kinachoizunguka herufi, punguza hadi kipotee. Kwa TV nyingine kinapotea sifuri, kwa nyingine katikati.

7. Weusi. Kompyuta huhesabu rangi kutoka 0 (weusi kabisa) hadi 255 (weupe kabisa). Video za TV hutumia 16 hadi 235. Pande mbili zisipokubaliana, ama weusi unakuwa kijivu, ama nywele na suti nyeusi zinageuka doa moja. Kwenye TV tafuta "HDMI Black Level" au "Black Level". Kwenye kompyuta yenye kadi ya picha ya NVIDIA tafuta "Output dynamic range". Geuza upande mmoja tu. Ukigeuza zote mbili umerudi palepale.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwenye ukumbi wa mpira, Nakuru: Fundi, nina TV mbili kwa splita moja. Ile kubwa ilikuwa safi, tangu niongeze ndogo imeharibika.

Bosi, splita hutuma picha moja kwa zote. Nyingi huiuliza TV iliyo kwenye tundu la kwanza inaweza nini, nyingine hufuata iliyo dhaifu. Weka kubwa kwenye tundu namba 1, zima vyote, washa upya, kisha upange kipimo tena.

Pasta, Kakamega: Tunatumia VGA kanisani. Kuna mistari inapanda polepole, hasa laptopu ikiwa kwenye chaja.

Pasta, umejijibu. Chomoa chaja: mistari ikipotea, ni tofauti ya athi kati ya soketi mbili. Ingiza TV na chaja kwenye ekstensheni moja, au uhamie HDMI. Na tafadhali, mtu asikate waya wa athi, wala asifungue soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Nimeona yote mawili.

Mwanachama, Eldoret: TV ni 4K, laptopu ni ya zamani. Picha ni kali lakini kipanya kinajivuta.

HDMI ya toleo la 1.4 ikipewa 4K huishia Hz 30, yaani picha 30 kwa sekunde. Shuka hadi 1920 kwa 1080 kwa Hz 60. Kwa kuwa 4K ni mara mbili yake kamili kila upande, haitachafuka sana. Kama laptopu ina HDMI 2.0, basi tundu la TV ndilo limebanwa: Samsung fungua "Input Signal Plus", LG fungua "HDMI Deep Colour".

Dada wa Nyalenda: Niliambiwa ninunue waya wenye dhahabu rangi zikolee.

Dada, hifadhi pesa zako. Waya mbovu wa HDMI huonyesha vimulimuli vya nukta, au picha inakatika na kurudi. Haupaushi rangi. Ukiwa mrefu kama mita 10 au 15, hapo ubora wake nitaujadili.

Mwanafunzi, Bungoma: Mimi napata 1024 kwa 768 tu, hakuna kingine.

Fungua "Device Manager" chini ya "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, haipo. Ichukue kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu yako, uisakinishe, uwashe upya, halafu uanze hatua ya 3.