Pumu ya ngozi ya mwanangu: jinsi nilivyomfuatilia mchokozi

Mwanangu alikuwa na miezi minane mashavu yake yalipoanza kukwaruza kama msasa. Usiku alijikuna mpaka shuka likapata damu. Mama mkwe akasema ni damu chafu, anywe dawa ya kusafisha tumbo. Sikumpa. Kliniki waliniuliza jingine kabisa: nani nyumbani ana pumu? Baba yake. Nani hupiga chafya akifagia? Mimi. Basi chanzo cha ndani cha pumu ya ngozi, yaani ngozi kavu inayowasha na kurudia-rudia, ni hicho: kinga ya mwili inayoshtuka upesi na ngozi isiyoshika maji, vyote vya kurithi. Chakula huchochea kwa baadhi ya watoto wadogo, si kwa wote.

Kwa hiyo usianzie jikoni. Anza na mafuta ya mgando yasiyo na manukato, umpake mara tu atokapo kuoga, mwili ungali na unyevu, pamoja na krimu aliyoandika daktari. Ngozi ikitulia, sahani ya mtoto iache ilivyo.

Wangu alitulia nusu, ndipo nikanunua daftari. Andika siku, saa, alichokula, sabuni, jasho, hata nguo (fulana ya nailoni ilituponza wiki nzima). Kilichonisumbua ni uji. Unga wetu wa lishe una mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano. Akiwashwa utamlaumu nani? Nikawa namshuku karanga, lakini uji alikunywa kila siku na kujikuna kulizidi Alhamisi na Jumapili tu. Nikamuuliza dada wa kazi. "Jumatano na Jumamosi namkorogea yai, mama, apate nguvu."

Daktari akaturuhusu kuondoa yai peke yake kwa wiki tatu, kisha likarudishwa kidogo palepale kliniki. Kesho yake mashavu yaliwaka tena.

Ondoa kimoja tu, na daktari ajue. Jirani yangu alimwachisha wake maziwa, mayai, samaki na karanga kwa mpigo. Mtoto akapungua uzito, mwasho ukabaki. Na mtoto akila kitu akavimba midomo, akatoka vipele ghafla au akakosa pumzi, mkimbize hospitali, na chakula hicho usikijaribu tena nyumbani.

Sasa ana miaka mitatu. Yai lililomo kwenye keki analimudu. La kukaanga bado.