Namna ya Kusoma Mwelekeo wa Hali ya Hewa wa Machi na Aprili katika Pwani ya Maine

Machi ya pwani ya Maine, jimbo la kaskazini mashariki ya Marekani, humchanganya mgeni kuliko Januari. Januari baridi ni baridi, na mtu anajua avae nini. Lakini Machi jua huwaka saa sita mchana, theluji ya paani ikaanza kudondoka matone, watoto wakavua makoti, na usiku wa siku hiyohiyo maji yaleyale yakaganda kwenye ngazi za mlango wa nyuma, yakawa barafu nyembamba isiyoonekana kwa macho. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili hapa Portland na Lewiston tulitoka Kongo, Burundi, Rwanda na nchi jirani, ambako majira hutambulika kwa mvua, si kwa baridi. Kwa hiyo ni vyema kila mwenye familia ajifunze kusoma mwelekeo wa hali ya hewa mwenyewe, asiitegemee kalenda inayosema kwamba majira ya kuchipua huanza karibu na tarehe 20 Machi.

Anza na picha ya mbali. Kituo cha Utabiri wa Tabianchi cha Marekani, kilicho chini ya NOAA, idara ya nchi hiyo ya bahari na anga, hutoa mwelekeo wa miezi mitatu na wa mwezi unaofuata kila Alhamisi ya tatu ya mwezi, kisha huuhuisha ule wa mwezi mmoja siku ya mwisho ya mwezi. Mielekeo ya siku 6 hadi 10 na ya siku 8 hadi 14 hutolewa kila siku. Aliyewahi kuisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitangaza mvua za Masika za wastani hadi juu ya wastani tayari anaifahamu lugha hii, kwa sababu hapa pia kuna mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, na chini ya wastani, na wastani wenyewe umekokotolewa kutokana na miaka 30 ya 1991 hadi 2020.

Kinachowapotosha wengi ni rangi ya ramani. Ukiona Maine imepakwa rangi ya joto na kuandikwa asilimia 40, usidhani umeahidiwa mwezi wa joto. Bila taarifa yoyote, kila fungu lingekuwa na asilimia 33 hivi. Asilimia 40 maana yake ni kwamba fungu la joto limeongezewa kidogo, fungu la kati limebaki na 33, na bado zipo nafasi takriban 27 kati ya 100 kwamba mwezi utakuwa wa baridi kuliko kawaida. Hiyo ni zaidi ya robo, na hakuna mtu mwenye busara anayeuza koti lake kwa ahadi ya namna hiyo. Mahali palipoachwa peupe, au penye neno la nafasi sawa, watabiri hawaoni dalili inayoelemea upande wowote. Kumbuka pia kwamba mwelekeo unazungumzia wastani wa mwezi mzima: mwezi wenye joto la juu ya wastani unaweza kubeba ndani yake siku mbili za dhoruba kali.

Ili ujue wastani wenyewe ukoje, shika takwimu chache za Portland. Mwezi wa Machi joto la mchana hufika kwa kawaida nyuzi joto 5 au 6 za sentigredi, na usiku hushuka hadi nyuzi 4 chini ya sifuri. Theluji ya mwezi huo pekee hukaribia sentimita 30. Aprili mchana hupanda hadi nyuzi 12 hivi, na usiku hukaa juu kidogo tu ya sifuri. Vipimo vya hapa huandikwa kwa farenhaiti, kwa hiyo jizoeze hesabu ya haraka: toa 32, kisha gawa kwa 2, utapata jibu lililo karibu sana na sentigredi. Namba ya kukaririwa kuliko zote ni hiyo hiyo 32, kwa kuwa ndipo maji yanapoganda.

Baada ya picha ya mbali, itazame bahari, kwa sababu ndiyo inayoamua siku yako itakuwaje. Maji ya Ghuba ya Maine huwa ya baridi zaidi karibu na mwanzo wa Machi, yakiwa na nyuzi joto 4 hivi, na hupata joto polepole mno. Siku ya jua ya Aprili, Lewiston, iliyo yapata kilomita 55 kutoka Portland, inaweza kufika nyuzi 16 huku watu wakitembea na fulana. Portland nayo huanza asubuhi vizuri vilevile. Kisha, kadiri nchi kavu inavyopata joto, upepo wa bahari huingia kutoka kusini mashariki, na ndani ya nusu saa joto hushuka nyuzi 6 au 7. Nimesimama mara nyingi kwenye kituo cha basi karibu na ghati na kuuona ukungu ukiingia juu ya paa za maghala, na mama aliyekuwa kando yangu akimfunga mtoto mtandio kichwani kwa haraka. Kwa hiyo, kabla ya kutoka, soma upepo kwanza. Upepo wa magharibi wenye nguvu huuzuia upepo wa bahari usiingie. Upepo dhaifu siku ya jua ni dalili kwamba upepo wa bahari utaingia mchana. Boya nambari 44007, chombo cha vipimo kinachoelea, lililowekwa maili 12 za baharini kusini mashariki ya Portland, huonyesha joto la maji kwa wakati huo, na ni mtabiri mwaminifu wa namna utakavyoisikia baridi ufukweni.

Sasa fikiria upepo wa kaskazini mashariki. Kwetu Afrika Mashariki kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, ni upepo wa joto, unaotuletea jua, na tangu kale ndio ulioyaleta majahazi kutoka Arabuni. Hapa upepo wa upande huohuo ndio wa kuogopwa. Mgandamizo mdogo wa hewa, yaani kiini cha dhoruba, hupanda kando ya pwani ya Marekani ukielekea kaskazini. Na kwa kuwa katika nusu hii ya dunia upepo huuzunguka mgandamizo mdogo kinyume cha mwendo wa saa, sisi tulio kaskazini magharibi yake tunapigwa na upepo utokao kaskazini mashariki, umebeba unyevu wote wa bahari. Kiini cha dhoruba kikipita mbali baharini, hewa baridi hubaki nasi na theluji huanguka. Kikikaribia nchi kavu, hewa ya bahari huingia na pwani hupata mvua, huku majirani walio kilomita chache tu bara wakichimba theluji. Tarehe 4 Aprili 2024 dhoruba ya aina hii iliangusha theluji nzito yenye maji mengi, ambayo ilivunja matawi na nyaya, na mamia ya maelfu ya wateja wa Maine wakakosa umeme. Siku 4 baadaye watu walikuwa kaskazini ya jimbo wakitazama kupatwa kwa jua chini ya anga safi.

Dhoruba ikitabiriwa, angalia pia jedwali la maji kujaa na kupwa. Tofauti ya kawaida kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Portland ni karibu mita 2.8, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huongezeka. Upepo wa baharini ukigongana na maji kujaa ya bamvua, barabara za karibu na ghati huingia maji: tarehe 13 Januari 2024 maji yalipanda hadi futi 14.57, rekodi ya juu kuliko zote kupimwa bandarini, ilhali mafuriko huhesabiwa kuanzia futi 12. Ukiwa na gari, liondoe huko mapema.

Utabiri wa siku chache hutolewa na ofisi ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa iliyoko Gray. Fungua weather.gov na uandike msimbo wa posta wa mtaa wako, si jina la jimbo, kwa kuwa tofauti ya pwani na bara ndiyo kila kitu. Humo utakutana na maneno matatu ya Kiingereza usiyopaswa kuyachanganya. Watch maana yake dhoruba inawezekana, kwa hiyo jaza mafuta, nunua chakula, chaji simu. Advisory ni usumbufu wa kiasi, unaohitaji uangalifu barabarani. Warning maana yake hatari ipo au iko karibu kufika. Hapo safari isiyo ya lazima iahirishwe. Jiji likitangaza marufuku ya kuegesha magari barabarani, tii mara moja, kwani gari huvutwa na gharama ni yako. Umeme ukikatika, jenereta au jiko la mkaa visiingizwe ndani hata kidogo, hata kwenye gereji iliyo wazi, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu.

Matairi yenye misumari ya kushika barafu yanaruhusiwa hadi tarehe 30 Aprili, na mimi huona kipindi hichohicho kinafaa kwa beleshi na mfuko wa chumvi kubaki karibu na mlango. Kila jioni tazama namba mbili tu: kama mchana ulizidi 32 za farenhaiti na usiku utashuka chini yake, mwaga chumvi kwenye ngazi kabla giza halijaingia, na asubuhi mpeleke mtoto kwenye basi la shule ukiwa umemshika mkono.